Tundu la Senti Kumi

Kijana wa takwimu alifika Kibirizi saa tatu asubuhi,
viatu vimeshaloa maji ya mwaloni.
Akaomba kigoda. Nikampa dumu tupu la mawese.
Akafungua karatasi, akasoma kama karani wa mahakama:
"Mama Ntakije, je, nchi ibaki na shilingi yake,
au tuwe na sarafu moja, sisi na majirani?
Jibu ndiyo, hapana, au sijui."

Swali lako, nikamwambia, lina njia mbili na majibu matatu.
Kaa vizuri.

Mimi nabadilisha fedha hapa tangu meza hii ina miguu minne.
Sasa ina mitatu na tofali.
Kulia faranga za Burundi, nimezifunga mpira kumi kumi,
kushoto za Kongo, laini kama tambara la kufutia kikaango,
katikati tembo na simba wetu.
Kikokotoo changu, namba saba imefutika.
Naijua kwa kidole.

Nikatoa kopo la maziwa ya unga, nikalimwaga mezani.

Hii ni sofi. Ushanga, ndiyo,
mweupe, kama kipande cha shina la kiko.
Bibi wa bibi yangu alinunulia chumvi ya Uvinza pale Ujiji,
na aliyevuka kutoka Manyema alikuwa nao huohuo shingoni.
Hakuna aliyekatwa.
Ila mwenye kuuleta kwa mizigo kutoka pwani
siku akileta wa rangi nyingine,
ulilala tajiri, ukaamka una mkufu tu.

Hii ni senti kumi ya tundu.
Babu, kuli wa reli, alizitunga kwenye kamba ya katani, akazifunga kiunoni.
Zikanunua Kigoma, zikanunua Kampala, zikanunua Mombasa,
bila kubisha hodi.
Kisha kila nchi ikapata bendera, ikataka na sura yake.
Babu akasema ni haki, mwenye nyumba huchagua mlango.
Lakini kamba hakuikata mpaka tunamzika.

Na hii noti ya Zaire.
Mende wameanzia kwenye kofia ya mkubwa.
Marehemu mume wangu alikuwa na sanduku zima
siku watu wa ng'ambo walipokuja wakasema: hizo hazina kazi tena.
Tulifungia karanga mwaka mzima.
Wateja wakatutania, karanga za mamilioni.

Unaona? Vyote vina tundu.
Miaka yote hii najiuliza:
tundu ni la kupitishia uzi,
au la kuvujia?

"Sasa mama, niandike nini?"

Andika kwamba Bujumbura ikikosa petroli
faranga inateleza kabla chai haijapoa,
na shilingi ndiyo ukingo wangu, nasimama juu yake natazama maji.
Tukinywa bakuli moja, akikohoa mmoja, wote tunameza dawa.

Andika vilevile kwamba Furaha wa Baraka akileta vitenge
anakatwa hapa,
akirudi na sabuni anakatwa kule,
mpaka afike kwake mtaji umekonda bila kuugua.
Na kisu ni changu.
Kwa mabaki ya kisu hicho Gwasa wangu amesoma ualimu Kasulu,
na nyumba ina bati.

Kwa hiyo nikisema hapana usiniamini.
Nikisema ndiyo pia usiniamini,
nitakuwa najipaka wema mbele ya mgeni.

Akauma kalamu. Akaweka alama mahali, sikuona wapi.
Akakunja karatasi, akashukuru.

Halafu akachungulia beseni la migebuka la jirani yangu,
akajipapasa mfukoni, akatoa shilingi za Kenya
zilizosalia safari ya Namanga.
"Hizi unapokea?"

Nikabonyeza saba bila kuitazama.
Nikampa bei ya mgeni.

Alizihesabu mara mbili. Akanitazama.
Akakaa tena juu ya dumu,
akakunjua ile karatasi,
akaniuliza kama nina kifutio.